Isale Shingoni mwa Tembo wa Taulo

Loji yenyewe ilipewa jina la ndege fulani ambaye Wameru, tangu wapande mlimani, hawajapata kumwona. Ilikuwa juu kabisa, pale migomba inapokoma na msitu wa serikali unapoanza, na barabara ya kufika huko ilikuwa mbaya kiasi kwamba dereva wa teksi aliyetoka Njiro aliapa kuwa mawe yake yanakua. Mwaka jana, alisema, alipita hapo yakiwa changarawe. Bibi Anande hakucheka. Alishuka getini na kibegi chake, akachuma jani kavu la mgomba, akafuta tope viatuni, akamsubiri mlinzi.

"Karibu sana, Mama. Shikamoo."

"Marahaba."

"Mnatokea wapi?"

"Hapa."

"Hapa Arusha mjini?"

"Hapa unapokanyaga."

Mlinzi akacheka kwa adabu, maana alifundishwa kuchekea mizaha ya wageni hata asipoielewa, akamfungulia geti.

Mara ya mwisho Anande kusimama pale, geti hilo lilikuwa bichi, rangi haijakauka, na mlinzi mwingine alimwuliza kama ana miadi. Alikuwa nesi Songea wakati huo. Walikuwa wamemzika mama yao, naye akarudi kazini, akamwagiza fundi achomelee msalaba wa chuma wenye jina la marehemu, akasafiri nao kwenye basi njia nzima umelala miguuni pake, abiria wakiuruka kama wanaruka nyoka. Alipofika akakuta kihamba, shamba la migomba la ukoo, kimeuzwa, nyumba ya mama imelazwa chini, na kaburi liko ndani ya ua wa watu. Aliyeuza ni mdogo wake wa pekee, Eliud, kitinda mimba, ambaye kwa mila ndiye hubaki na nyumba ya mama. Hakumwuliza mtu. Simu alikuwa nayo, na namba ya dada yake alikuwa nayo.

Miaka kumi na moja hawakusemezana. Fedha za shamba zikafanya kama zinavyofanya fedha za shamba, zikaota miguu. Eliud akarudi palepale kwenye kihamba cha baba yake, safari hii akiwa amevaa sare ya loji. Asubuhi alikuwa mtunza bustani. Jioni walimvisha shuka jekundu, wakamketisha kando ya moto awapigie wageni hadithi. Na kwa hadithi, hata adui yake hakumnyima haki: Eliud angeweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe ukatoka umeshukuru.

Na msalaba? Uko stoo huko Njiro, nyumbani kwa Anjela, binti pekee wa Anande, umeegemezwa nyuma ya baiskeli mbovu.

Anjela ndiye aliyeleta safari hii. Alifanya kazi kwenye kampuni ya utalii mjini, na kampuni za utalii hupewa na maloji malazi ya usiku mmoja bure, wakaone vitanda. Desemba alikuwa anaolewa, na bibi harusi wa Kimeru hatoki nyumbani kwao hivihivi kama mtu anayekwenda dukani. Mjomba ndiye humshika mkono akamtoa. Mjomba alikuwa mmoja tu duniani.

"Mama, nenda ukapumzike," Anjela alimwambia. "Ukaone kaburi la bibi. Na mjomba yupo, mkamalizane."

"Nimalize nini mimi? Aliyevunja chungu ndiye huokota vigae."

"Basi sema unataka nini, nimfikishie."

"Anakijua. Aniletee isale. Akileta isale, yamekwisha, nitamkalisha kiti cha mbele. Asipoleta, utatolewa na dereva wa gari la harusi."

Mtu wa kutoka mbali akiliona isale ataona ua la bustanini tu: shina jembamba, majani marefu ya kijani, mmea wa kupandwa mipakani na makaburini. Kwa Wameru jani hilo lina mdomo. Ukimkosea mwenzio, hata kama mmefikia kumwaga damu, unakata jani la isale, unalipiga fundo, unampelekea. Hapo umeshasema *nimekosa*, na huna haja ya kuongeza neno. Na aliyepelekewa hana ruhusa ya kukataa, kwa sababu akikataa laana inageuka inamkalia yeye. Wazee husimulia habari za bwana mmoja aliyekataa isale asubuhi; kufika jioni ng'ombe wake wote wakawa wamesahau njia ya zizini, wakaingia msituni wakiuliza njia, na mpaka leo wanauliza. Ndio hao wanaoitwa nyati.

Anjela akapeleka ujumbe, akarudi na jibu. "Nimemwambia, Mama. Kasema amesikia."

Kwa neno hilo moja, *amesikia*, Anande alipanda teksi.

Meneja wa loji, kijana mwenye suruali yenye mifuko mingi kuliko vitu vya kutia, alimpokea kwa juisi ya pasheni na maelezo. Hapa, alisema, hakuna umeme. Maji ya kuoga yanachemshwa kwa kuni, yanaletwa kwa ndoo. Taa ni chemli. Wageni hufunga safari kutoka Ulaya kuja kuishi maisha ya asili.

"Mama yangu alikufa anaulizia nguzo za umeme," Anande alimwambia. "Zilikuwa zimefika kanisani zikagoma kupanda."

"Oh, pole sana," meneja akasema, kisha akamweleza habari za ndege.

Babu Eliud, aliambiwa alipouliza, ameingia msituni na wageni, atarudi jioni. Chumba cha Anande kilikuwa kibanda cha mbao chenye paa la nyasi, na alipofungua dirisha akaona mteremko na jiwe lililopasuka katikati, akajua amesimama wapi. Hapa palikuwa zizi. Kitanda chenye chandarua cheupe kilikuwa palepale alipokuwa akilala Subira, ng'ombe mwekundu aliyekuwa akipiga teke kila mtu isipokuwa mama. Mchana walimletea loshoro, uji wa mahindi na maziwa ya mgando, kwenye kikombe kidogo kama cha dawa ya kikohozi, juu yake kimekaa kijani cha mnanaa. Mama alikuwa akiimwaga loshoro kwenye bakuli la bati mpaka inameza kidole. Akainywa kwa funda moja, akaenda kaburini.

Kaburi lilikuwepo. Hilo alilishukuru. Lakini kichwani mwake palisimikwa kibao cha mbao kilichochongwa kwa Kiingereza kwamba hapa amelala Malkia wa Mvua, aliyezungumza na wanyama wa Mlima Meru. Anande alikisoma mara mbili. Mama Anande, aliyekuwa akishuka Tengeru na ndoo ya maziwa kichwani, aliyekuwa akigombana na wachuuzi mpaka soko linasimama kumsikiliza, amepewa ufalme baada ya kufa. Kuhusu mvua, Anande alichokumbuka ni jinsi alivyokuwa akiitukana ikinyesha siku ya kufua.

Masale yaliyozunguka kaburi aliyapanda mama mwenyewe, siku walipomzika baba. Yalikuwa yamechumwa majani kuanzia chini, yamebaki mashina matupu yenye kishungi juu, kama kuku aliyenyonyolewa akasahauliwa kichwa. Anande alifikiri ni mbuzi. Kisha akakumbuka kuwa hapa siku hizi mbuzi hawaruhusiwi. Mvua ikaanza, ile mvua ya mlimani inayotoka kwenye miti hata baada ya mbingu kunyamaza, akarudi chumbani ameshika viatu mkononi.

Kitandani alikuta tembo.

Alikuwa tembo wa taulo. Taulo nyeupe ilikunjwa ikatolewa masikio na mkonga, ikakalishwa juu ya mto kama mtu anayesubiri kuhojiwa. Na shingoni mwa tembo huyo palifungwa jani la isale, bichi, lenye matone ya mvua bado, limepigwa fundo.

Anande alikaa sakafuni.

Huyu ndiye Eliud wake. Hata utotoni hakujua kusema pole. Akimwaga maziwa, akimpiga dada yake jiwe, akipoteza kisu cha baba, angekimbilia migombani mpaka giza liingie, na usiku Anande angekuta pera kwenye mto wake. Hakuna neno, ni pera tu, limeiva, mara nyingine lina alama ya meno kwa sababu mwombaji radhi alishindwa kuvumilia. Na sasa mtu mzima mwenye mvi ameingia chumbani kwa kunyata wakati dada yake yuko kaburini, ameweka jani kwenye mto, ametoka. Kwa tembo! Eliud hawezi kufanya jambo bila madoido.

Alilia mpaka chandarua kikalowa pembeni. Alilia kwa ajili ya mama, kwa ajili ya ule msalaba kwenye basi, na kwa ajili ya yule mlinzi aliyemwuliza miadi. Kisha akanawa uso, akalifungua jani shingoni mwa tembo taratibu lisije likapasuka, akajifunga kitenge kipya alichokileta kwa ajili ya siku ambayo hakuamini kuwa itafika.

Jua likiwa linazama, moto uliwashwa. Palikuwa na wageni wa Dar es Salaam waliokuja na makoti ya baridi kama wanakwenda mwezini, na wazungu wawili waliokuwa na mkalimani wao. Eliud alikaa kwenye kigoda, shuka begani, amekonda, meno ya mbele mawili yamehama. Hakumwona dada yake aliyesimama nyuma kwenye kivuli cha mringaringa. Alikuwa katikati ya hadithi.

"Sasa malkia huyu akitaka maziwa, mnafikiri anakwenda zizini? Anakwenda kufanya nini? Anasimama kibarazani, anapiga mluzi. *Fyuuu!* Nyati wanashuka kutoka msituni wamepanga foleni, kila mmoja kibuyu chake shingoni, wamejikamua wenyewe!"

Watu wakacheka. Mkalimani akanong'ona, wazungu wakacheka baadaye kidogo. Na Anande, Mungu amsamehe, midomo ilimcheza, kwa kuwa mama kweli alikuwa akipiga mluzi, na Subira kweli alikuwa akija.

"Na siku ya kufa kwake," Eliud akashusha sauti, "aliniita mimi mwanawe wa mwisho. Akaniambia, Eliud, ardhi hii usiifungie. Igawie dunia. Wageni waje, waione mvua yangu. Akanitemea mate ya baraka hapa," akagusa paji la uso, "na mvua ikanyesha kwa huzuni mpaka samaki wakapanda migomba."

Siku nyingine yoyote maneno hayo yangemfanya Anande atupe kitu. Leo alikuwa na jani mkononi. Mtu aliyekwisha kusema *nimekosa* mwache aipambe aibu yake anavyoweza. Akatoka kivulini.

"Eliud."

Kigoda kikalia. "Dada! Shikamoo, dada."

"Marahaba." Akaliinua jani, moto ukalimulika fundo. "Nimelikuta. Nimelipokea."

Eliud alilitazama jani, akamtazama dada yake, akalitazama jani tena. Kuni moja ikapasuka. Kuna kitu kilipita usoni mwake, nacho Anande alikiita aibu, kwa sababu ndicho alichokuwa akikingojea.

"Umelipokea, dada?"

"Nimelipokea. Yamekwisha. Desemba uje umtoe mwanao."

Eliud akajifunika uso kwa shuka. Mabega yakatikisika. Watu wa Dar wakapiga makofi bila kujua wanapigia nini, na mmoja wa wazungu akauliza kama hii nayo ni sehemu ya onyesho. Mkalimani akamwambia ndiyo.

Walikaa pamoja mpaka makaa yakafifia, wakinywa chai ya tangawizi. Wakakumbushana mapera, wakakumbushana Subira na mchungaji aliyerushwa kwa teke kanzu ikamfunika kichwa. Anande alisema sasa ataleta msalaba, na Eliud akasema, "Tutaona, dada, tutaona," huku akichokoa moto. Mtandao ulipatikana karibu na tangi la maji, na Anande alipompigia binti yake, vigelegele vya Anjela vilitoka kwenye simu mpaka mbega juu ya mti akakohoa. Kabla hawajalala kamati nzima ya harusi ilikuwa imekwisha kujua kwamba mjomba ameleta isale.

Asubuhi ukungu ulikuwa umekaa chini kama maziwa yaliyomwagika. Anande alitoka kibarazani akiwa mwepesi, akamkuta binti wa usafi anapanda ngazi na ufagio, mataulo begani, kikapu mkononi.

"Shikamoo, Mama. Umelala salama?"

"Marahaba, mwanangu. Nimelala kama mtoto. Unaitwa nani?"

"Najat. Nyumbani Kimandolu, ila wazee walitoka Kondoa."

Anande alikuwa anataka kumwuliza habari za Kondoa. Macho yake yakaangukia kikapuni. Kilijaa majani ya isale, mabichi, na kila moja limepigwa fundo.

"Hayo ya nini?"

"Ya matembo, Mama," Najat akasema kwa furaha. "Kila kitanda na tembo wake. Zamani tulikuwa tunawafunga utepe mwekundu, meneja akasema utepe si wa asili, tutafute kitu cha msituni. Ndiyo Babu Eliud akatuonyesha hili jani. Halinyauki haraka."

"Na hilo fundo?"

"Katufundisha yeye. Siku hizi anatufungia mwenyewe, anatukatia kule kwenye kaburi la malkia, anatuletea tayari. Wageni wanalipenda, wengine wanaondoka nalo." Akamtazama mgeni wake usoni, akaingiwa na wasiwasi. "Lako la jana halikuwa zuri? Nilikuchagulia pana."

"Lilikuwa zuri."

"Nikuwekee jingine?"

"Hapana, mwanangu. Moja limenitosha."

Binti hakuwa na kosa. Kwao Kondoa jani ni jani. Lakini Anande alipokuwa akishuka kwenye ule mteremko wa zizi, alijikuta akiwahesabu kichwani wote waliowahi kulala pale. Eliud amewaomba radhi Wajerumani. Amewaomba radhi Wahindi, Wachina, watu wa benki waliokuja kwenye semina, wachumba waliokuja kujificha. Kila siku ya Mungu anakwenda kwenye kaburi la mama yake, anakata *nimekosa*, anaifunga kwa mkono wake, anamgawia mtu asiyemjua.

Alimkuta hukohuko. Kisu mkononi, ndoo miguuni, akichagua majani.

"Dada! Umelala vipi?"

"Eliud, jana uliniletea isale?"

Hakuacha kukata. "Kwani halikukufikia?"

"Nakuuliza kama uliniletea."

"Jani limekatwa na mimi. Fundo langu. Limetoka hapa hapa kwa mama, likalala kwenye mto wako. Sasa ulitaka lije na muhuri wa posta?"

"Ulilifunga kwa ajili yangu?"

Kisu kikasimama. Ndege mmoja akalia ndani ya ukungu, pengine ndiye yule wa jina la loji.

"Anjela aliniambia," Eliud akasema. "Nilikuwa nafikiria."

"Ulikuwa unafikiria."

"Sasa kama limefika kabla sijamaliza kufikiria, ubaya uko wapi? Mungu ana njia zake. Umelia, nimelia, mtoto kafurahi. Wewe dada ulikuwa hivyo tangu zamani, ukipewa maziwa unauliza ng'ombe."

Anande alikuwa amewauguza watu, alijua kuna wakati wa kusukuma na wakati wa kungoja.

"Haya," akasema. "Sitaki ugomvi. Unalo hilo mkononi, limeshakatwa. Lipige fundo unipe. Huna haja ya kutembea, huna haja ya kusema neno. Nyoosha mkono tu."

Eliud akalitazama jani.

"Nikikupa nitakuwa nimesema niliiba."

"Utakuwa umesema umekosa."

"Mama alinibariki, dada."

"Mama alikuwa hasemi. Siku zake za mwisho zote mimi ndiye niliyekuwa nikimlowesha midomo kwa pamba."

"Kwangu alisema."

"Lini, Eliud?"

"Kwangu alisema," akarudia, na jambo baya kuliko yote ni kwamba macho yake hayakuwa ya mwongo. Anande aliyachunguza kama alivyokuwa akichunguza macho ya wagonjwa, akitafuta ile aibu ya jana motoni. Hakuikuta. Mtu huyu alikuwa ameisimulia hadithi yake jioni baada ya jioni mpaka akahamia ndani, akafunga mlango, akawa hana nyumba nyingine.

"Na msalaba?" Anande akauliza, sauti imempungua.

"Dada, sasa msalaba… Huyu hapa ni malkia wa mvua. Wageni watauliza."

Vidole vyake vilikuwa vinacheza na jani. Vikalikunja, vikalizungusha, vikapitisha ncha kwenye tundu. Fundo likakaza. Mkono wa Anande ukaanza kutoka wenyewe chini ya kitenge.

Eliud akalitupa jani ndooni pamoja na mengine.

"Hata hivyo umeshapokea mbele ya watu," akasema kwa upole, kama anayemfariji. "Isale halirudishwi. Unajua."

"Najua."

Alijua. Ndani ya teksi, mawe yakigonga chini, alilipindua jambo hilo kila upande. Mchungaji angesema msamaha ni wa moyo. Wazee wangesema msamaha ni wa jani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusema lolote kuhusu taulo. Akafikiri amwambie Anjela ukweli, na alipofika Njiro, Anjela alimdaka getini akamzungusha mpaka kilemba kikaanguka. Sare ya mjomba imeshapelekwa kwa fundi, alisema, na kiti chake kimewekwa mbele kabisa. "Mama, nilijua! Nilijua mjomba ana moyo!" Anande akasema amechoka na barabara. Akaingia stoo kutafuta sehemu ya kuweka kibegi, akakiweka juu ya baiskeli mbovu, akatoka haraka.

Desemba ikafika. Eliud akaja amevaa suti iliyompwaya kidogo, amenyoa, pengo la meno yale mawili amelipa likizo kwa kufumba mdomo. Alimshika Anjela mkono akamtoa nyumbani kwao, na hata waliokuwa na kinyongo walikubali kuwa alifanya vizuri. Ukumbini Kimandolu alipewa kipaza sauti aseme neno la mjomba, na kumpa Eliud kipaza sauti ni kumpa mbuzi funguo za shamba la maharage.

"Ndugu zangu! Mimi na dada yangu tulikuwa na neno letu, sitalificha. Nikasema, hapana, mtoto hataolewa huku mama yake ana donge. Nikakata isale. Usiku huohuo nikashuka mlima kwa miguu, mvua hiyo, giza mpaka unaweza kuliegemea. Katikati ya msitu, nani amekaa njiani? Nyati! Dume! Pembe zake ukianika nguo za familia nzima zinaenea. Nikamwambia, mzee, pisha, nakwenda kuomba radhi. Akakataa. Nikamwonyesha isale. Ndugu zangu, nyati alinusa… akapiga goti!"

Ukumbi ukavunjika. Watu walipiga meza, bwana harusi alijifuta machozi, watu wazima waligongana mabega. Anjela hakucheka. Alikuwa amemgeukia mama yake, vipodozi vimeanza kutiririka, na usoni mwake palikuwa na furaha ambayo Anande hakuwa ameiona tangu binti huyo akiwa wa kubebwa.

Mshereheshaji, mtu wa kutafuta kicheko kingine, akakimbilia meza ya mbele na kipaza sauti. "Mama mzazi! Tuthibitishie! Aliyosema mjomba ni kweli?"

Eliud, upande ule, alikuwa bado anatabasamu, lakini mkono aliotandaza mezani ulikuwa umekaa vibaya.

Ndani ya pochi ya Anande mlikuwa na jani lililokauka, rangi ya chai, fundo lake bado limekaza. Akaligusa kwa kidole.

"Kweli," akasema. "Tena nyati mwenyewe alikuwa mkubwa kuliko hivyo."

Kicheko kikainuka mpaka mapambo ya ukumbi yakapepea. Akangoja kishuke.

"Ila mdogo wangu amesahau kitu kimoja. Isale alimvika nyati, shingoni. Mimi nilikuta tu limefungwa."

Wakacheka tena, zaidi ya mwanzo, wakisema kumbe uongo ni wa ukoo mzima. Anjela akacheka sasa, kichwa nyuma, shela likamwanguka. Eliud peke yake ndiye aliyeangalia sahani yake, na sahani haikuwa na kitu.

Anande akakirudisha kipaza sauti kwa mshereheshaji, akanyoosha kitenge, akaenda jikoni kuuliza kama nyama ya mjomba imeshapakuliwa.